Chupa ya Kavetsa

Murunga alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa chai ya bure, atainusa kwanza. Ukimsalimu mara mbili kwa siku, atajiuliza unataka nini. Alikuwa seremala wa vitanda Soweto Mashariki, kule Kibera, na mteja akikisifu kitanda kabla hajakilalia, Murunga alirudi kukagua misumari yote upya, akiamini kwamba mteja ameona kasoro na ameamua kunyamaza. Nyundo iliwahi kumponda kidole cha pete cha mkono wa kushoto kwa sababu alikuwa anamtazama mteja badala ya msumari. Kidole kikavimba, kikapona, yeye mwenyewe akatangaza kimepona, na mambo ya kidole yakaishia hapo.

Mkewe Kavetsa alikuwa ameizoea tabia hiyo kama unavyozoea jiko lako, ukajua linapovuta na linapotoa moshi. Kuna jirani aliyewahi kuchukua randa kuukuu la Murunga, lililokuwa limelala chini ya kitanda miaka na miaka likila kutu. Siku Murunga alipogundua halipo, aliizunguka Kibera mpaka mtaa wa Lindi, akalipata, akalinyakua, akalinoa, na tangu siku hiyo hakushika randa jingine. Kavetsa alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu mzee wangu," alimwambia Mabruka, mama mwenye ploti waliyopanga, "hajui kitu ina maana mpaka iibiwe."

Lakini vitanda vilikuwa vya kulisha tumbo tu. Jina la Murunga lilitoka kwenye gitaa la boksi. Ni Waluhya wachache kati ya Kibera na Kawangware waliofiwa au kuozesha binti bila kumwita. Yeye alipiga na kuimba, na Kavetsa akapiga chupa. Msiidharau chupa. Ilikuwa chupa ya Fanta ya zamani, ile nzito yenye mbavu, nayo hukwaruzwa na kugongwa kwa msumari mrefu, na ndiyo inayoushika wimbo usikimbie wala usilale. Gitaa letu bila chupa ni ugali bila mboga: utameza, lakini utalalamika. Ya Kavetsa ilikuwa imemeguka mdomoni, kwa hiyo kila pigo la nne ilitoa sauti kama kikohozi kidogo. Ungeweka chupa mia uwanjani, Murunga angeitambua hiyo moja akiwa amefumba macho.

Kitu kimoja tu kiliwagombanisha. Miaka ya mwisho Kavetsa alianza kuchelewa. Si wimbo mzima. Ilikuwa pale mstari wa pili unapogeuka, mkono wa Murunga ukishuka kuutafuta uzi mnene. Hapo chupa ilisita, ikanyamaza kidogo, kisha ikatua. Wachezaji hawakulalamika, hata waliipenda, maana mabega yao yalipata mahali pa kuangukia. Murunga ndiye aliyekuwa na masikio.

"Umechelewa tena," alimwambia njiani wakirudi nyumbani.

"Nimesikia, Baba Lavender," alijibu Kavetsa. Lavender ni binti yao, siku hizi ameolewa Eldoret.

Jumamosi iliyofuata akachelewa palepale. Mwishowe Murunga akaigeuza kuwa mzaha wa mbele ya watu. Chupa ikisita, yeye husimamisha gitaa, akawageukia wageni na kusema, "Mniwie radhi, mke wangu bado yuko njiani, atafika." Watu wakavunjika mbavu. Kavetsa naye alicheka, macho yake kwenye msumari.

Mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, Kavetsa akafariki. Ulikuwa uvimbe wa tumboni, na alipomwambia mumewe ulikuwa umeshakomaa. Walimzika kwao Vihiga. Murunga aliporudi Kibera alilegeza nyuzi zote za gitaa, akalitundika nyuma ya mlango, na hapo likakaa. Watu walipokuja kumwita matangani aliwaambia hana mkono. Vijana wawili watatu walikuja kuomba wampigie chupa, akawafukuza kabla hawajamaliza kusalimu, kwa sababu kijana anayekuja kwa mjane siku za msiba lazima anafuata kitu. Alikuwa na uchungu, jamani, tusimcheke sana. Asubuhi alijikuta ametoa vikombe viwili vya chai, akabaki anakiangalia cha pili kama kimemtukana.

Na chupa haikuonekana. Aliitafuta chini ya kitanda, kwenye ndoo, ndani ya magunia ya nguo. Alimshuku shemeji yake Jael, maana ndiye aliyegawa nguo za marehemu. Alimpigia simu, wakatukanana. Kisha akamshuku Mabruka, kwa kuwa mwenye ploti ana funguo za akiba.

Mabruka alikuwa Mnubi wa kuzaliwa palepale Kibera, ploti ameirithi kwa babake, na hakuwa mwanamke wa kutishwa na mpangaji. Alimsikiliza Murunga mpaka mwisho, akafunga vizuri ushungi wake.

"Baba Lavender, mimi nifanye nini na chupa ya soda? Nyani haoni kundule. Nenda ukatafute kwako."

Murunga aliondoka amenuna. Lakini alitambua kitu: Mabruka hakuapa. Mtu aliyesingiziwa huapa.

Mwaka ukazunguka hivyo. Kisha alasiri moja, Murunga akiwa anapiga randa ubao wa kichwani, Fahima, bintiye Mabruka anayesoma chuo, akaja mbio na simu mkononi.

"Baba Lavender, cheki hii. Hii si ngoma yenu? Zile mlikuwa mnaimba kwa nyumba?"

Kwenye kioo cha simu palikuwa na mikono tu, mikono mirefu ya mwanamume, msumari na chupa. Hapakuwa na gitaa. Sauti ya mwanamume iliimba polepole:

*Nina kiti kimoja, ukija nitasimama.*

Murunga aliliweka randa chini. Wimbo ule haukuwahi kutoka mlangoni kwake. Aliutunga enzi anamposa Kavetsa, wakati nyumba yake nzima ilikuwa godoro na kiti kimoja, naye akamwahidi kwamba akija atamwachia. Hawakuuimba harusini wala matangani. Waliuimba wawili wao, mlango umefungwa, siku ambazo hawajagombana. Fahima aliusikia kwa sababu kuta za mabati hazina siri. Watu wawili tu duniani walijua maneno yote, na mmoja alikuwa ardhini.

Kisha chupa ikakohoa. Ilikuwa ileile, yenye mdomo uliomeguka. Na mstari wa pili ulipogeuka ikasita, ikanyamaza kidogo, ikatua.

"Rudisha," alisema Murunga. Fahima akarudisha. Ikachelewa palepale.

"Huyu ni nani?"

"Anaitwa Derrick wa Chupa. Ni wa mtaa wa Kongo, huko Kawangware. Manze, ametrend, watu wamependa sana."

Murunga alimrudishia simu. Damu ilikuwa imempanda masikioni. Kuiba chupa ni rahisi. Wimbo mtu anaweza kuudaka ukutani kama Fahima. Lakini kuchelewa? Kuchelewa kwa namna ile ile, kwa kipimo kile kile? Hicho hakidakwi. Hicho unafundishwa, goti kwa goti, siku baada ya siku, na mtu anayetaka ukijue. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Basi akaanza kukumbuka, na mtu wa kushuku akianza kukumbuka hakosi kitu. Akakumbuka Alhamisi. Kila Alhamisi, mwaka ule wa mwisho, Kavetsa alikwenda kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise kufulia mama mmoja aitwaye Wangoi. Alirudi jioni amechoka, wakati mwingine anaguna wimbo. Lakini mikono yake! Mfuaji hurudi na vidole vilivyokunjamana kwa maji. Vya Kavetsa vilirudi vikavu, na kimoja kina alama ya msumari. Aliviona wakati ule, akaviacha vipite. Yeye, Murunga, aliyeshuku dunia nzima, alikuwa ameacha kumshuku mtu mmoja tu.

Hakungoja. Alivuka kwenda Highrise akiwa na vumbi la mbao kichwani, akapanda ngazi, akabisha. Wangoi alifungua, akamtambua, akashika kifua.

"Woi, pole sana kwa mama. Nilisikia nikiwa shags, kule kijijini. Alikuwa mtu mzuri."

"Nataka kuuliza tu. Alhamisi alikuwa anafika hapa saa ngapi?"

Wangoi alimtazama kwa mshangao. "Alhamisi? Baba, Kavetsa aliacha kazi kwangu kitambo. Aliniambia mgongo umekataa. Huo mwaka wa mwisho hakukuja hata siku moja."

Murunga alishuka ngazi ameshika ukuta. Alipofika kwenye ploti alimkuta Mabruka anachagua mchele kwenye ungo.

"Mama Fahima, Alhamisi mke wangu alikuwa anaenda wapi?"

Mabruka hakuinua macho. "Kawangware."

"Kwa nani?"

"Uliza huko huko."

"Unanificha kitu."

"Nakuficha, ndiyo," alisema Mabruka, akatupa kijiwe. "Niliambiwa nikufiche."

"Na nani?"

"Na marehemu."

Murunga alisimama pale mpaka mchele ukaisha ungoni. Kama angeambiwa na mwingine angepiga kelele, lakini huwezi kugombana na mwanamke anayekukubalia kila unachomshuku. Aliingia ndani akaketi. Kitanda alichokitengeneza kwa mikono yake, alicholala na Kavetsa miaka yote hiyo, alikiona kama cha mteja. Msiba alikuwa ameanza kuubeba. Hili la sasa lilikuwa linataka kumrudisha makaburini amfukue mkewe na kumuuliza.

Asubuhi alijiandaa. Nyundo aliitia mfukoni mwa koti. Gitaa nalo alilibeba mgongoni, si kwa kupiga, ni kwamba hakutaka kuliacha katika ploti ambayo mwenyewe, Mabruka, amekiri kumficha mambo. Alikwenda kwa miguu mpaka Barabara ya Ngong na kuendelea, akiwaza atakachosema. Alikuwa na maneno mengi Kibera. Alipofika Kawangware yalibaki mawili: chupa yangu.

Kongo si mahali pa kumficha mtu maarufu. Alipouliza Derrick wa Chupa, mama muuza mboga alielekeza kwa kidevu. "Yule wa masofa, hapo mbele."

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwembamba, amepiga magoti kando ya barabara anavisha kochi kitambaa, misumari imepangwa midomoni. Mzuri wa sura pia, jambo ambalo Murunga aliliandikisha moyoni. Derrick aliinua kichwa. Akaliona gitaa. Akatoa misumari mdomoni mmoja mmoja bila haraka.

"Mzee Murunga," alisema. "Umekawia."

"Unanijua?"

"Nakujua poa sana. Ulinifukuza." Derrick alijipangusa mikono. "Kwa matanga ya mzee Naftaly, hapa hapa Kawangware. Nilikuja nikakuomba unijaribu chupa nyimbo moja tu, mama apumzike. Ukaniambia hutaki mtu wa kunyemelea kiti ya mwenyewe."

Murunga hakumkumbuka. Aliwafukuza wengi, tangu Kavetsa akiwa hai.

"Chupa iko wapi?"

Derrick aliingia kibandani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Murunga alikitambua kitambaa kabla ya chupa: kilemba cha Kavetsa cha maua ya samawati, kile alichosema kimepotelea sokoni. Mkono wake ukaingia mfukoni ukaishika nyundo.

"Alikuwa anakuja kwako."

"Kila Alhamisi."

"Kufanya nini?"

"Kunitesa," alisema Derrick. "Huyo mathe alikuwa mkali, we acha tu. Nikikosea ananipiga na msumari hapa kwa vidole. Ona."

Kabla Murunga hajaona, mwanamke alitokea nyuma ya kochi, mtoto mgongoni, sindano ya kushonea magunia mkononi. Alimwangalia Murunga juu mpaka chini, jicho likaishia mfukoni.

"Ndiye?" alimuuliza Derrick.

"Ndiye. Sella, huyu ndiye Baba Lavender. Mzee, huyu ni bibi yangu."

"Mama alisema atakuja na kitu kwa mkono," alisema Sella. "Mimi nikadhani panga. Mzee, karibu. Toa hiyo nyundo ukae. Mimi nilikuwa hapa kila Alhamisi nashona vitambaa, masikio yangu yamechoka na hiyo wimbo mpaka leo."

Mtu mwingine angepumua hapo. Murunga alimtazama mume, akamtazama mke, na akaona jinsi walivyopokezana maneno bila kujikwaa. Wamejipanga hawa, aliwaza. Wamekuwa na mwaka mzima wa kujipanga.

"Na mbona ukae na chupa ya watu mwaka mzima, kimya? Mbona hukuleta?"

"Alinikataza." Derrick aliketi juu ya kreti la soda. Lile lilikuwa kreti la mpiga chupa, Murunga alilijua kwa jinsi alivyokaa, magoti yamefunguka. "Mzee, acha nikwambie vile aliniambia. Aliambiwa hospitali hataishi, wewe ukiwa bado hujui. Akanitafuta. Akasema, 'Mzee wangu nikienda hatapiga tena, na asipopiga atakufa akitembea. Nataka nikuachie mkono wangu.' Nikamwambia mama, twende kwake basi, unipeleke. Akacheka. Akasema, 'Nikikupeleka mimi, atashuku. Ukienda peke yako, atakufukuza. Huyo ukimpa kitu anarudisha. Mwache na msiba yake mwaka moja. Akipiga mwenyewe, sawa, itupe hiyo chupa. Asipopiga, imba ile yetu ya nyumbani, weka kwa simu. Adhani ameibiwa. Atakuja mwenyewe, na mbio.'"

*Hajui kitu ina maana mpaka iibiwe.* Murunga alilisikia lile cheko la Kavetsa la siku ya randa, akaona alivyokaa chini ameshika mbavu. Alihisi haya, na chini ya haya furaha ikajaribu kuinuka. Hakuiruhusu. Alibakiwa na swali moja, na hilo hakuna aliyeweza kumpangia.

"Uongo," alisema. "Kama ni kunifundishia mtu, angekufundisha vizuri. Wewe unachelewa. Mstari wa pili, unachelewa kama yeye. Kavetsa alijua ni kosa, nimemwambia miaka. Mbona akufundishe kosa lake?"

Derrick alimgeukia Sella. Sella akaangalia pembeni, akaanza kumbembeleza mtoto ambaye hakuwa analia.

"Hiyo alisema nisikwambie," alisema Derrick.

"Niambie."

"Mzee, aliniapisha."

"Nimetoka Kibera na nyundo."

Derrick aliwaza kidogo. Kisha akaingia ndani akatoka na kiti, kimoja, cha mbao, akakiweka mbele ya kreti. "Kaa. Toa gitaa. Mimi sitasema kitu. Utasikia mwenyewe."

Nyuzi zilikuwa zimelala mwaka mzima. Murunga alizikaza, akazisikiliza, akazikaza tena, na vidole vilivyosema havina mkono vikaanza kukumbuka njia bila kuulizwa. Muuza mboga akaacha kukata sukuma wiki. Derrick akaufungua ule msumari mrefu kutoka kwenye kilemba.

"Sasa napiga straight," alisema. "Sitasita mahali popote."

Wakaanza. *Nina kiti kimoja.* Chupa ilikwaruza safi, ikakohoa mahali pake. Mstari wa pili ukageuka, chupa ikatua pale inapopaswa kutua, na ikatua peke yake. Uzi mnene ulikuja baadaye, ukikimbia nyuma kama mtu aliyeachwa na gari.

Murunga alisimamisha. "Nyuzi zimelegea."

Wakarudia. Ikawa vilevile.

"Vidole vina baridi."

Wakarudia tena, na safari hii hakusikiliza. Aliangalia. Aliuangalia mkono wake wa kushoto ukishuka, vidole vyote vikatii, isipokuwa kile cha pete. Kiliinuka, kikasita hewani kama mzee anayevuka barabara, kisha kikafika. Kilifika, lakini wimbo ulikuwa umeshapita.

Akakumbuka nyundo na uvimbe. Akakumbuka kwamba ilikuwa mwaka ule ule, majuma machache baadaye, alipomwambia Kavetsa kwa mara ya kwanza njiani: umechelewa.

"Hajawahi kuchelewa," alisema.

"Hajawahi," alisema Derrick. Alikuwa amevunja kiapo tayari, akaona ni heri amalize. "Alikuwa anakungoja. Alisema kidole yako haifiki haraka, na wewe hujui, na hataki ujue. Akasema, watu wakisikia gitaa imechelewa watasema Murunga ameisha. Wakisikia chupa imechelewa watasema ni bibi yake tu."

Mniwie radhi, mke wangu bado yuko njiani, atafika. Ni mara ngapi alikuwa amelisema hilo? Harusini, matangani, mbele ya wakwe, mbele ya Lavender siku ya kuposwa kwake. Na Kavetsa akacheka pamoja na wageni, macho kwenye msumari, kisha akaingia katika wimbo uliofuata akamngojea tena.

Murunga alilia. Hakugeuka wala hakujifanya ni vumbi. Alilia gitaa likiwa mapajani, kando ya barabara, Kongo, mbele ya muuza mboga na makochi yasiyo na vitambaa, na ndiyo mara ya kwanza kulia tangu Vihiga. Sella alimwekea kikombe cha chai miguuni. Alikichukua akanywa bila kukinusa.

Alipomaliza, akafuta mkono wa kushoto kwenye suruali.

"Rudia," alimwambia Derrick. "Na uningoje."

Huyo ndiye Murunga anayepiga siku hizi, na waliomjua zamani wanasema si yuleyule. Nyimbo zake zimepungua mbio. Kuna nafasi ndani yake, mahali ambapo hakuna kinachopigwa, na mtu aliyefiwa akisikia pale anajua pametengewa nani. Bado ni mtu wa kushuku. Alimkagulia Derrick misumari ya makochi yote kabla ya kukubali kwamba ni fundi. Alimwomba Mabruka radhi kwa ile chupa, na Mabruka akamjibu kwamba alikuwa amefurahia sana kumwona anahangaika.

Kumbukumbu ya Kavetsa waliifanyia kwenye ploti ya Mabruka, viti vimepangwa mpaka nje. Murunga aliuimba ule wimbo wa nyumbani mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mstari wa pili ulipogeuka, chupa ikasita, na mzee mmoja aliyekumbuka utani wa zamani akapaza sauti kutoka nyuma, "Chupa imechelewa!"

Watu wakaanza kucheka. Murunga akasimamisha gitaa. Aliinua mkono wa kushoto, akakionyesha kidole cha pete, mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Chupa haijachelewa," alisema. "Haijawahi. Ni mimi niko njiani, nitafika."

Kisha akamtikisia Derrick kichwa, na wakauanza wimbo upya.